Mazoezi ya Kustaafu

Mume wangu alifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye duka la bei nafuu, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuonja mkate wa siku ileile. Naanza na hilo ili ujue mapema naongea nikiwa na dukuduku gani. Wafanyakazi wa duka wanaruhusiwa kununua mkate wa jana kwa nusu ya bei, na mume wangu neno nusu akilisikia hata usingizini anageuka. Kwa hiyo asubuhi zote za ndoa yangu nimepasha mkate wa jana kwenye kikaango, na kila nikimwekea mezani nilikuwa namwambia, mla ni mla leo, mla jana kala nini. Naye hunijibu kwamba aliyesema hivyo hakuwa akinunua mkate kwa pesa yake.

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko chumba cha mbele, chini ya dirisha, na kazi yangu kubwa siku hizi ni zipu na viuno vya suruali. Zamani watu walileta suruali zipunguzwe. Sasa tumezeeka pamoja, mimi na wateja wangu, na karibu wote wanataka ziongezwe.

Dukani walimwita Bwana Njano. Kila siku saa kumi alasiri alichukua mashine ndogo ya mkononi, inayolia kama mtu anayegonga ulimi kaakaani, akapita kwenye rafu akibandika stika za njano kwenye vitu vilivyokaribia kwisha muda. Ukiona stika ya njano ujue bei imekatwa. Nyuma yake walifuata wastaafu na vikapu vyao, hatua tatu nyuma, hawamsemeshi wala hawamsukumi. Akisimama wanasimama. Akibandika mtindi, mikono sita inanyooka. Watu wa duka waliwaita wazee wa saa kumi, na mmoja wao ni jirani yetu Mwalimu, mwanamke aliyefundisha watoto adabu miaka arobaini. Siku moja alivutana na dereva mstaafu kwa sababu ya kipande cha jibini, kesho yake akaja kwangu kunieleza kwa nini haki ilikuwa upande wake. Nilimsikiliza mpaka mwisho kwa sababu alikuwa ameleta zipu.

Kuhusu bei, mume wangu angeweza kutoa hotuba. Jumapili nikiwa nachambua mchele yeye alikaa kwenye kiti cha jikoni akanifundisha.

"Mama, unadhani maziwa yamewekwa mwisho kabisa wa duka kwa bahati mbaya?"

"Sijui, Mzee. Nadhani ng'ombe aliingilia mlango wa nyuma."

"Yamewekwa mwisho ili kabla hujayafikia upite kwenye biskuti, na ukirudi upite kwenye soda. Umekuja kwa maziwa, unaondoka na mfuko." Halafu alinieleza habari ya mkate: kwamba mkate ni chambo, unauzwa bila faida, na tanuri limewekwa karibu na mlango ili harufu itoke barabarani iwashike watu pua. Harufu hiyo aliipita kila alfajiri akiingia kazini, na jioni akaniletea mkate wa jana. Ungeona raha aliyokuwa nayo akinieleza.

Somo lake kubwa lilikuwa la rafu. Kitu cha bei kubwa, alisema, kinakaa usawa wa macho. Cha bei ndogo kinakaa chini, usawa wa magoti. "Tajiri ananyoosha mkono, maskini anainama." Na aliyekipanga huko chini ni nani? Ni yeye. Miaka thelathini na moja alipiga goti kwenye sakafu ya saruji akipanga chumvi ya bei ndogo na mchele wa bei ndogo, mpaka goti la kulia likaanza kulia kuliko mashine yake.

Na makopo. Siwezi kumaliza habari zake bila makopo. Kopo likibonyea haliuziki, na likichanika karatasi hakuna anayejua ndani kuna nini, basi yale yaliyopatwa na mikosi yote miwili yaligawiwa wafanyakazi. Chumba chetu cha mwisho kilikuwa na ukuta wa makopo yasiyo na jina. Mume wangu alikuwa analitikisa kopo karibu na sikio, anafumba macho, anatoa hukumu: "Maharage." Tunafungua, mananasi. Tumekula wali kwa mananasi mara nyingi, na kila mara alitafuna taratibu akasema si mbaya. Binti yetu alikulia katika maisha hayo. Leo ni muuguzi katika mji mwingine na anasema hapendi kushtukizwa.

Basi mwaka ule alitimiza umri wa kustaafu. Meneja wake akamwita ofisini, akamwekea mezani mkataba wa miaka mitatu zaidi, akamwambia auchukue akaufikirie, jibu atalitoa kabla ya siku yake ya mwisho, wiki kumi na mbili baadaye.

Nitasema wazi nilichotaka. Nilitaka arudi nyumbani. Daktari alikuwa ameshamwambia kwamba akiendelea kuinama vile, miaka mitatu haitaisha kabla hajashika fimbo, na mimi sikuolewa na mtu ili nimwone Jumapili tu halafu nirudishiwe akiwa hawezi kwenda mpaka barazani. Nilitaka nishone huku naye yupo, ananiudhi. Lakini yeye aliogopa pensheni. Aliitazama ile karatasi ya mafao kama anavyotazama kopo, akaitikisa, asijue ndani kuna nini.

Jioni hiyohiyo akaja na wazo lake.

"Tutafanya mazoezi," akasema.

"Mazoezi ya nini? Goti lenyewe hilo."

"Ya kustaafu. Kuanzia kesho tunaishi kwa kiasi cha pensheni tu. Mshahara hatuugusi. Chakula ni cha stika ya njano au cha rafu ya chini. Wiki kumi na mbili. Tukiweza, nastaafu. Tukishindwa, nasaini mkataba."

Nikakubali. Ningekataa vipi? Nikajiambia, wiki kumi na mbili ni nini kwa mwanamke aliyekula wali kwa mananasi.

Wiki ya kwanza kabichi zilishuka bei. Tulikula kabichi Jumatatu. Jumanne tukala kabichi. Jumatano nilimbadilishia, nikaikata kwa upande mwingine. Alhamisi alileta mtindi wa ladha ambayo duka zima lilikuwa limeikataa, na ulipofika kwetu nikaelewa kwamba watu wa mji huu wana akili. Ijumaa akaleta mfuko wa biskuti. Nilikuwa na njaa, nikala mbili na chai kabla hajavua viatu, nikasema hizi ngumu lakini zina chumvi nzuri. Ndipo nikabandua stika ya njano, na chini yake kulikuwa na picha ya mbwa, amekaa vizuri, anacheka.

"Tarehe umeiacha ionekane," nikamwambia, "lakini mbwa umemfunika."

"Kanuni ya kazi yangu ni moja," akajibu, bila haya. "Usifunike tarehe. Kuhusu mbwa hakuna kanuni."

Hapo ulimi uliniponyoka. Nilisema kama huku ndiko kustaafu, basi bora tufie kazini. Nikaenda kulala. Yeye alibaki jikoni, na nilimsikia akizila zile biskuti taratibu, moja baada ya nyingine, maana hatupi kitu.

Kulipokucha moyo ulikuwa mzito. Nimefanya nini, mwenzangu? Mtu ana hofu tayari, mimi nampa sababu. Akiniona nanung'unika wiki ya kwanza tu, atasaini, na goti lile litakwisha kwa ajili ya mdomo wangu. Nikaona hakuna namna, haya mazoezi lazima yafaulu, yakitaka yasitake.

Basi nikachukua pesa ya zipu, nikajitanda khanga, nikaenda duka jingine kabisa, upande wa pili wa mji, nikanunua kuku. Kuku mzima, mbichi, wa bei yake kamili. Nyumbani nikachukua mfuko wa kabichi, nikaishikilia stika yake juu ya mvuke wa birika mpaka ikalegea, nikaibandua kwa kucha. Miaka thelathini ya kufumua mishono imenipa vidole. Nikaibandika juu ya kuku. Tarehe yake ilikuwa inaonyesha wiki nzima mbele, na hakuna duka linalopunguza bei ya kuku mwenye wiki nzima mbele, kwa hiyo nikaibandika juu ya tarehe, nikaibonyeza vizuri, nikamweka kuku kwenye friji.

Alipofungua friji jioni alisimama kidogo.

"Kuku," akasema.

"Wa njano," nikasema. "Duka la kule ng'ambo. Nimepita tu."

Alikula mpaka akalamba vidole. Halafu akanitazama akasema, "Unaona, Mama? Inawezekana." Nilifurahi na nikaona aibu kwa wakati mmoja, na nikamwongezea paja.

Tangu siku hiyo kila wiki nilikuwa na kitu. Mayai. Samaki. Siku moja nyama, na hiyo niliiwekea stika mbili kwa sababu ya dhamiri. Na ajabu ni kwamba hata yeye alianza kuja na vitu vizuri. Siagi. Kahawa ya kweli. Matofaa mekundu yasiyo na hata doa. Jibini ile ambayo Mwalimu na dereva walivutana kwa ajili yake, tena kipande kizima. Kila kitu kina stika ya njano. Nikajua duka limeharibikiwa, watu hawanunui tena, na nikamhurumia meneja kweli kweli.

Niliona pia kwamba nywele zake zimeanza kumfunika masikio. Nikadhani ndivyo wanaume wanavyofanya wakikaribia kustaafu, wanataka waonekane wasanii. Sikusema kitu. Nilikuwa nimejifunza kufunga mdomo.

Binti yetu alipiga simu Jumapili moja. "Mama, hayo mazoezi mnakula nini lakini?" Nikamtajia: kuku, samaki, siagi, jibini, matofaa. "Mama," akasema, "mimi nina mshahara na sili hivyo. Niandalieni kitanda."

Ikafika wiki ya nane. Jumanne asubuhi, yeye yuko kazini, nilitoa jibini nikate kipande cha kula na mkate wa jana. Nikaona stika. Ilikuwa imebandikwa kwa unyofu kabisa, kazi ya mtu anayeijua, na ilikuwa juu ya tarehe.

Nikaiweka jibini mezani. Huyu ni mtu aliyefunika mbwa, amefunika nembo, amefunika picha za watoto wanaocheka kwenye makopo ya maziwa, lakini tarehe hajafunika hata siku moja. Aliwahi kumgomea meneja mzima kwa sababu ya tarehe. Nikabandua stika kwa kucha. Tarehe ilikuwa miezi mitatu mbele. Nikafungua friji, nikabandua ya siagi. Miezi mitano.

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni. Vitu hivi vimenunuliwa kwa bei kamili. Kwa pesa ipi, na mshahara tumekubaliana hatuugusi? Nilitafuta jibu kila upande, nikapata moja tu: amesaini. Amesaini mkataba kimyakimya, wamempa kitu cha mkononi, na sasa ananilisha jibini ili siku ya kuniambia nisipige kelele. Miaka mitatu mingine sakafuni. Nililia kidogo, sitaficha. Kisha nikakasirika, na hasira ilinisaidia kusimama.

Saa tisa na nusu nilitia jibini kwenye mkoba nikaenda dukani.

Nilipofika wazee walikuwa wamekusanyika mbele ya rafu ya maziwa na vikapu vyao. Mwalimu aliponiona alinivuta mkono. "Jirani, umekuja na wewe? Kaa nyuma yangu, lakini mtindi wa kwanza ni wangu." Nikamwambia sikuja kwa mtindi. Akaniachia mkono.

Saa kumi mlango wa stoo ukafunguka. Mashine haikuwa mkononi mwa mume wangu. Alikuwa nayo yule mama wa kaunta ya tatu, mtu mzima mwenye miwani, tuliyesalimiana miaka mingi. Mume wangu alikuja nyuma yake, mikono mgongoni, kama mwalimu wa udereva. Mama wa kaunta akachukua pakiti ya maziwa, akabandika.

"Bandua," mume wangu akasema, kwa upole. "Umefunika tarehe. Bei tunaweza kuipunguza, tarehe hatuwezi. Huyu anayenunua hatakuona tena akifika nyumbani. Ataona tarehe tu."

Nikamgeukia Mwalimu. "Hiki ni nini?"

"Kwani hujui? Anamrithisha kazi. Wiki ya pili sasa. Mwenyewe si anaondoka mwisho wa mwezi ujao." Akanitazama vizuri. "Jirani, mume wako anastaafu na wewe huna habari?"

Meneja alikuwa anapita na karatasi zake, akasikia, akasimama. "Mama, afadhali umekuja. Nisaidie kumbembeleza. Nilimpa mkataba, akanirudishia siku ya tano, hata kalamu hakutaka kuishika."

Siku ya tano. Ile Ijumaa ya biskuti.

Hofu niliyokuwa nayo tangu asubuhi, tuseme tangu wiki nane nyuma, iliniachia mara moja, na nilitamani kukaa chini pale pale rafu ya magotini nipumzike. Hakusaini. Alikuwa anarudi nyumbani. Kama ningekuwa mtu mwema ningeondoka nikamshukuru Mungu njiani. Lakini nilikuwa nimetembea nusu saa na jibini kwenye mkoba, na sipendi kutembea bure.

"Bwana Njano," nikamwita. Sikuwahi kumwita jina hilo maishani.

Akageuka. Nikaitoa jibini nikaiinua juu, stika ikining'inia kwa kona moja.

"Nani kafunika tarehe?"

Wazee wote wakamgeukia. Kwao hilo si jambo la kucheka. Dereva mstaafu akavua kofia. Mume wangu aliitazama jibini, akanitazama mimi, na masikio yake, hayo kidogo yaliyokuwa yanaonekana, yakabadilika rangi. Kisha akasema polepole:

"Na kuku je, Mama? Yule kuku wa wiki ya kwanza, aliyebandikwa stika ya kabichi?"

Mama wa kaunta ndiye aliyeanza kucheka, mashine ikalia mkononi mwake ikatoa stika tatu sakafuni. Meneja alirudi ofisini kwake haraka. Mwalimu alitaka kujua ni kabichi ya bei gani.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, taratibu kwa ajili ya goti. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ile ilikuwa ya nusu saa na tuliitumia yote kuulizana.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu kuku wa kwanza. Ile stika niliibandika mimi kwenye kabichi. Siitambui kazi yangu?"

"Na ukala."

"Nikala. Alikuwa kuku mzuri."

"Kwa nini hukuniambia umerudisha mkataba?"

"Niliurudisha asubuhi. Nilitaka kukwambia jioni, nikaleta na biskuti tusherehekee. Halafu ukasema bora tufie kazini." Akacheka, lakini si sana. "Nikaona nimefunga mlango na wewe uko nje. Ndiyo nikaanza kununua vitu vizuri, uone kustaafu si kubaya. Ulipoleta kuku nikasema, basi na yeye anajitahidi kuvumilia."

"Sikuwa navumilia. Niliogopa utasaini."

"Na pesa ulitoa wapi?"

"Za zipu. Wewe?"

Akajishika nywele. "Kwa kinyozi. Na chai ya saa nne. Na gazeti."

Nilisimama katikati ya njia nikamtazama mtu wangu na nywele zake, na nilimpenda kuliko siku niliyoolewa, maana siku ile alikuwa amenyolewa. Tulicheka mpaka mwenye kibanda cha viatu akatoka kuuliza kuna nini. Tulipofika mlangoni tu ndipo tulipoacha kucheka, kwa sababu wote wawili tulifikiria jambo lilelile. Mkataba umekwisha kurudishwa. Mazoezi yote yalikuwa ya uongo. Hakuna aliyejua kama tutaweza.

"Wiki nne zimebaki," akasema. "Safari hii za kweli."

Za kweli zilikuwa ngumu siku mbili tatu, nisidanganye. Lakini nikagundua kwamba wiki ile ya kwanza tulishindwa kwa sababu tulinunua kila kilichoshuka bei, kwa kuwa tu kimeshuka. Rahisi ghali. Mtindi mbaya ukipunguzwa bei unabaki mtindi mbaya, na la kuvunda halina ubani. Tukaacha ujinga huo. Sasa tulikwenda pamoja, yeye amesimama anaelekeza na mimi nainama, na mtu aliyepanga rafu miaka thelathini na moja hadanganyiki. Alipita kwenye biskuti bila kugeuza shingo. Alisoma mabango mekundu ya "bei imeshuka" akaniambia lipi ni kweli na lipi lilipandishwa wiki iliyopita ili lipate pa kushukia. Mchele, mayai, mboga, kuku mmoja kwa wiki, wa bei yake halali, tarehe yake wazi. Makopo tuliendelea nayo, ila nilipiga marufuku hukumu za sikio, tunafungua kwanza ndipo tunapika wali.

Mwisho wa wiki ya kumi na mbili tulikaa jikoni, akageuza bahasha ya pensheni juu chini. Noti mbili na sarafu zikaanguka mezani. Zimebaki. Alizitazama, akazisogeza kwangu kwa kidole, mimi nikazisogeza kwake, nikamwambia nenda kwa kinyozi.

Siku yake ya mwisho alirudi amevaa koti lenye stika ya njano mgongoni, chini kabisa ya kola. Yeye hakujua. Sikumwambia mpaka wageni waliokuja kumpongeza walipoondoka.

Jumatatu iliyofuata niliamka nikakuta upande wake wa kitanda umepoa. Viatu havipo. Koti halipo. Nje ndiyo kwanza kunapambazuka, saa yake ileile ya kwenda kazini. Nilikaa kitandani, nikasema tayari, miguu imempeleka yenyewe, sasa hivi amepiga goti anapanga chumvi. Nilitandika kitanda. Nikaweka birika. Nikatoa kikaango cha kupashia mkate, kwa mazoea, nikakumbuka kwamba mkate wa jana haupo, kwa sababu aliyekuwa akiuleta ameacha kazi.

Nikasikia goti lake kwenye ngazi kabla sijasikia ufunguo.

Aliingia na mfuko wa karatasi, ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili. Harufu ilitangulia mezani kabla yake. Ni ile harufu aliyonisimulia miaka yote, inayotoka mlangoni mpaka barabarani, na mimi nilikuwa naijua kwa maneno tu. Aliuweka mkate mbele yangu. Hakukuwa na stika. Aliugeuza upande wenye tarehe, akanisubiri nisome.

"Bei kamili?" nikamuuliza.

"Bei kamili. Nilipanga foleni kama mtu."

Nilitaka kumwambia ule msemo wangu, lakini mdomo ulikuwa umejaa. Kikaango nikakirudisha kabatini. Tukakaa tukaula wote, mkate mzima, watu wawili wazima, na hatukubakiza wa kesho.